Maji ya Kisima cha Silvesta

Kasokola, Mpanda
14 Januari 2024

Mdogo wangu Zakayo,

Pokea salamu zetu. Huku mvua inanyesha vizuri, mahindi yamefika kiunoni na nyani wanayakagua kila asubuhi kama mabwana shamba. Mama yuko Ugalla kwa baba mdogo, miguu inamsumbua lakini mdomo mzima, juzi amegombana na mnunuzi wa asali mpaka yule kijana akaacha ndoo zake. Dina amepanda kidato cha tatu. Anasema mjomba anadaiwa viatu, mimi simo.

Usishangae nakuandikia barua na simu ninayo. Tangu Septemba kila anayenipigia ananiuliza naendeleaje, mimi nasema namshukuru Mungu, halafu salio linaisha. Nimechoka kumshukuru Mungu kwenye simu.

Nina jambo. Ni kile kisima. Shemeji yako Silvesta alikufa humo tarehe 26 Septemba, akichimba, hewa nzito ya chini ilimzidi. Hayo unayajua. Hukuweza kuja kumzika kwa sababu ya umbali, na hilo nilishakusamehe. Usichokijua ni kwamba wiki mbili baada ya maziko maji yalipanda yenyewe, futi tano, safi kabisa. Majirani walikuja na ndoo, wakaonja, wakatema. Ni ya chumvi. Hakuna aliyejua kwamba yatakuwa hivyo. Hayanyweki, maharage hayaivi, sabuni haitoi povu. Ng'ombe wa shemeji Josephat waliyanusa wakageuka.

Josephat, kama unavyomjua, ndiye kaka mkubwa wa marehemu na ndiye mwenye sauti hapa. Amesema Septemba tukianua matanga, kisima kifukiwe siku hiyo hiyo. Anaogopea watoto, na simlaumu. Lakini Zakayo, mume wangu alikufa akitafuta maji, na maji akayapata. Yakifukiwa hivi hivi bila kumfaa hata kuku, basi amekufa bure. Sitaki awe amekufa bure.

Wewe unafanya kazi kwa tajiri wa samaki wa mapambo. Je, hakuna kiumbe anayeweza kuishi kwenye maji haya? Nimempa kondakta wa basi chupa mbili. Yapime uniambie.

Dada yako,
Specioza

---

Tanga
18 Februari 2024

Kwako dada,

Salamu nyingi kutoka kwa Dorika na watoto. Sisi wazima, joto tu linatumaliza. Mtoto mdogo ameota meno mawili na anamng'ata mama yake bila huruma. Viatu vya Dina nimevisikia. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilibana.

Chupa zimefika. Nimeyapima maji yenu. Yana chumvi kama robo ya maji ya bahari. Sisi maji ya namna hiyo tunayajua sana, ni kama yale ya pale mto unapoingia baharini, kwenye mikoko. Kuna samaki wanaoyapenda kuliko maji matamu. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, viumbe wapo.

Lakini usiwatie kisimani, huko chini hewa ni haba na hutawaona. Tengeneza tangi la kioo, urefu wa mita moja, upana nusu. Chini weka mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yake yawe meupe. Nitakutumia maganda ya kombe uyaponde uchanganye, kwa sababu chumvi ya ardhini si sawa na ya bahari, na hii yenu, ikitoka kwenye udongo mweupe ule wa futi ishirini na sita, ina uchungu wake. Nitakutumia pia pampu ya hewa na kipimo cha chumvi, kijiti cha kioo kinachoelea. Nimekitia alama nyekundu. Kisimame hapo, kisizidi.

Usitie samaki mara moja. Acha maji wiki tano, pampu ikifanya kazi, kila siku utupie punje chache za dona zioze. Humo vitazaliwa vijidudu visivyoonekana, na ndivyo vitakavyokula sumu ya uchafu wa samaki. Anayeharakisha anaua.

Ni mimi,
Zakayo

---

Kasokola
10 Machi 2024

Zakayo,

Hatujambo. Mama amerudi kutoka Ugalla na dumu la asali, nimekuwekea chupa. Mvua imebomoa choo cha Josephat na ametuhamia chooni kwetu, kwa hiyo sasa ananiheshimu kidogo.

Vifaa nimevipokea stendi, vimefika vizima. Tangi nimechongesha kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu pale mjini. Aliniuliza la nini. Nilipomwambia la samaki wa maji ya chumvi alinitazama halafu akamtazama Dina, kama mtu anayeuliza kama mgonjwa alipelekwa hospitali. Bajaji ililileta polepole kama inabeba mzazi. Sasa liko sebuleni, pampu inatumia sola ya Silvesta. Maji nimeyateka mwenyewe. Ndoo ndogo ishirini na tisa.

Dina ameniletea picha za samaki kwenye simu. Mimi nimempenda bunju. Yule wa duara, ukimuudhi anavimba. Ni Silvesta mtupu, siku ukimwambia mboga ni mlenda. Nitumie huyo.

Na kitu kimoja. Umeandika udongo mweupe wa futi ishirini na sita. Nani alikwambia kuhusu udongo mweupe? Ule udongo uliotoka kisimani tuliufukia kaburini kwake, hakuna mtu wa Tanga aliyeuona.

Specioza

---

Tanga
21 Aprili 2024

Dada mpendwa,

Habari za huko? Mafua yametupitia wote, sasa tumepona. Dorika anashukuru kwa asali ingawa haijafika, anasema ashukuru kabisa nisije nikaimaliza njiani.

Bunju mwache. Anang'ata mapezi ya wenzake, na anataka konokono kila siku, la sivyo meno yanarefuka anashindwa kula. Nilifikiria mwatiko, wakiwa wadogo wanapenda maji kama yenu, lakini mwaka hauishi ana urefu wa mkono na anaruka mpaka nje. Yule anayetembea topeni kwa mapezi naye usimtamani. Anataka nusu maji nusu nchi kavu, na mfuniko ukisahauliwa utamkuta chini ya kitanda.

Nakutumia moli. Ni samaki mweusi, urefu wa kidole, mpole, anakula majani na dona na mbu. Hatagi mayai, anazaa watoto wazima wanaogelea. Wako wanane, majike sita na madume mawili. Wamefungwa kwenye mifuko ya hewa ndani ya kasha jeupe. Wakifika, usiwamwage. Uache mfuko uelee ndani ya tangi nusu saa, halafu uongeze maji ya tangi kikombe kimoja kimoja, mpaka wazoee.

Jambo la mwisho, ulisome mara mbili. Maji ya tangi yakipungua, ongeza maji matamu. Ya mvua au ya bomba yaliyokaa siku moja. Ya kisima usiongeze, ila siku ya kubadilisha.

Pampu ikipiga kelele, toa mpira uusafishe. Ikiendelea, niambie.

Zakayo

---

Kasokola
12 Mei 2024

Zakayo wangu,

Sisi wazima, mahindi tumevuna magunia kumi na manne.

Wamefika saba. Mmoja alikufa njiani, nimemzika karibu na kisima na usicheke. Nilikaa sakafuni kikombe mkononi kutoka saa nne mpaka saa saba mchana, kama ulivyosema. Nilipowaachia walijificha chini. Kesho yake asubuhi wote saba walikuwa juu wanadai chakula.

Zakayo, wanaishi. Wanaishi ndani ya maji yake. Nimekaa pale nikaongea peke yangu, nikamwambia, baba Dina, umeona? Watu wanakuja kuangalia mpaka kutoka Mpanda mjini. Wanaonja maji kwa kidole, wanatema, halafu wanawatazama tena wale samaki. Josephat hakuingia. Alisimama mlangoni, akasema kisima ni kisima, na Septemba ni Septemba.

Hilo la maji matamu nimelisoma.

Nilikuuliza kuhusu udongo mweupe, wewe umenijibu kuhusu pampu.

Dada yako

---

Kasokola
7 Julai 2024

Zakayo,

Barua ya Mei hukuijibu lakini naandika tena, na leo sina salamu.

Wamekufa wanne. Wa kwanza wiki iliyopita, wa mwisho leo. Wanatikisika pale pale bila kwenda mbele, mapezi wameyabana, halafu wanalala. Nimeweka kipimo chako. Kijiti kimenyanyuka vidole viwili juu ya alama nyekundu.

Sikuongeza maji matamu. Kiangazi hiki tangi linashuka kila siku, na kila siku nilikwenda kisimani na kikombe. Bomba liko kilomita mbili na nusu, lakini si uvivu, maana madumu nimeyazoea. Nilishindwa kuchanganya. Haya ni maji yake. Nikimimina ya bomba leo na kesho na keshokutwa, mwisho kwenye lile tangi kutabaki nini cha Silvesta?

Wamebaki watatu. Niambie nifanye nini, na uniambie haraka.

Specioza

---

Tanga
28 Julai 2024

Dada,

Pole. Nimekupigia simu mara nne hukupokea, nikaona bora niandike hili pamoja na hilo lingine.

Kwanza samaki. Jua linapokausha tangi, linachukua maji tu, chumvi haliigusi. Yote inabaki ndani. Wewe ukaongeza maji yenye chumvi juu ya chumvi iliyobaki, kila siku, miezi miwili. Ungeongeza matamu, chumvi ya kisima ingekuwa ile ile uliyoanza nayo, isingetoka hata punje. Sasa toa ndoo moja ya maji, tia ya bomba taratibu, kidogo kila siku kwa wiki mbili, mpaka kijiti kirudi kwenye alama. Usifanye kwa siku moja.

Sasa la pili. Udongo mweupe aliniambia Silvesta.

Alinipigia Jumatatu jioni, tarehe 25, na Jumanne ndiyo akafa. Aliniambia amefika futi ya ishirini na sita, ametoboa udongo mweupe, matone yameanza kutoka na yana chumvi. Akaniuliza, "Shemeji, wewe mtu wa maji, nikiendelea kushuka nitapata matamu?" Nilikuwa napakia samaki wa mteja, gari linasubiri. Mimi najua maji ya kwenye kioo. Ya chini ya ardhi sijui lolote, dada. Ilinipasa kusema sijui, ni neno moja tu. Lakini aliniita mtu wa maji na mimi nikajisikia. Nikamwambia, "Chimba tu, chumvi ni ya juu, chini kuna matamu."

Umbali nilikudanganya. Nauli nilikuwa nayo. Nilipanda basi nikafika Dodoma, nikashuka, nikakaa stendi mpaka jioni, nikarudi Tanga. Ningeshikaje jeneza lake?

Usinijibu kama hutaki.

Zakayo

---

Kasokola
8 Septemba 2024

Zakayo, mdogo wangu,

Mama anakusalimia. Dina ameshika namba tatu darasani. Samaki watatu wako hai, kijiti kimerudi kwenye alama. Nabeba madumu ya maji matamu kwa baiskeli kuwapelekea samaki wa maji ya chumvi, na kijiji kizima kinacheka. Wacha wacheke.

Nimekaa na barua yako wiki tano. Sikuwa na hasira. Nilikuwa natafuta ujasiri.

Simu ya Silvesta ninayo mimi. Tangu siku ya maziko niliona jina lako, Jumatatu jioni, dakika kumi na moja. Na mlichoongea nilikijua, kwa sababu alikata simu akaja jikoni akanieleza. Nilipokuandikia kwamba hakuna aliyejua maji yatakuwa ya chumvi, nilidanganya. Ndoo ya mwisho ya siku ile tuliionja wote wawili, kwa kiganja kimoja.

Jumanne aliamka kichwa kinamuuma. Ni ile hewa, ilishaanza kumpata, sisi hatukujua. Akasema, "Mama Dina, niache leo. Hiki kisima kinanikataa." Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, "Zakayo amesema chini kuna matamu, na wewe unakata tamaa? Mimi nimebeba madumu miaka kumi na sita, wewe unashindwa kubeba sururu siku moja?" Jirani alikuwa anapita, nikasema kwa sauti ili asikie. Silvesta akacheka kwa aibu. Akavaa kaptura yake, akashuka. Kila asubuhi tulikuwa tunashusha koroboi kwanza, ikizimika hashuki mtu. Siku ile hatukuishusha. Nilikuwa nimemharakisha.

Unasema wewe ndiye uliyemtuma. Wewe ulikuwa Tanga. Mimi nilisimama juu yake, nimeshika kamba.

Nilinyamaza mwaka mzima kwa sababu nikisema langu nitakuwa nimelisema na lako. Nilifikiri wewe hujui kwamba alishuka kwa neno lako, na kwamba mmoja wetu akilala usingizi inatosha. Nilipokuuliza kuhusu udongo mweupe nilikuwa napima tu unajua kiasi gani.

Matanga ni tarehe 28. Ukiweza, njoo.

Specioza

---

Kasokola
17 Novemba 2024

Zakayo,

Hukuja na hukujibu. Dorika aliniambia kwa simu kwamba barua uliisoma umesimama, ukaikunja, ukaiweka ndani ya Biblia, na tangu siku hiyo unakula kidogo na huongei. Basi nisikilize mimi niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua.

Matanga tuliyaanua. Wiki nzima kabla ya siku hiyo nilikuwa nateka maji ya kisima nayachemsha kwenye sufuria kubwa ya shughuli, mpaka yanakauka, kama wanavyofanya watu wa Uvinza. Kuni zangu zote za mwaka zimeishia hapo. Nimepata kopo moja la chumvi, ya kijivu, chungu kidogo. Ni ya siku za kubadilisha maji, maana nilijua kisima sitakuwa nacho.

Josephat alipokuja na watu na machepe sikubishana. Niliomba chepe, nikatupa udongo wa kwanza mimi mwenyewe. Nilisikia ukigonga maji. Hapo nililia, Zakayo, nililia kuliko siku ya maziko, maana siku ya maziko nilikuwa nachunga mdomo wangu. Josephat alinishika mkono akanikalisha kwenye benchi. Jioni aliingia sebuleni kwa mara ya kwanza. Akasimama mbele ya tangi muda mrefu, halafu akauliza hawa wanakula nini.

Wale watatu, majike ni mawili. Mwezi uliopita Dina aliniita kwa kelele nikadhani nyoka. Jike mmoja alikuwa amezaa. Watoto kumi na mmoja, kila mmoja kama punje ya ulezi yenye macho. Wakubwa walianza kuwafukuza, tukawatenga ndani ya chujio la chai. Wamebaki tisa. Wamezaliwa humo humo, maji mengine hawayajui.

Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe 9. Nilikinga sufuria, nikaacha maji yatulie, nikaanza kumimina kikombe kimoja kimoja. Nakuambia ukweli, tangu Agosti kila kikombe kitamu nilichomimina niliona kama nampunguza Silvesta. Nilipomaliza niliweka kijiti chako. Kimesimama pale pale kwenye alama nyekundu. Nikachovya kidole nikaonja. Ni ladha ile ile ya kiganja kile, siku ile ya Jumatatu. Haikupungua.

Sasa njoo. Usije na maneno, mimi pia sina. Nitakuwekea kigoda mbele ya kioo na chai yenye asali, utawatazama mpaka utakapochoka. Dina nimemhamishia chumbani kwangu, chake kitakuwa chako. Treni ikichelewa Kaliua, piga simu. Nitapokea.

Dada yako,
Specioza

N.B. Umenieleza kila kitu kuhusu moli, lakini hukuniandikia wanaishi miaka mingapi. Usiniandikie. Utaniambia ukifika.